Nani alihesabu samaki? Chama cha sayansi kinafanya nini, na juu ya nini sisi watu wa maziwa tunakihitaji



Mara nyingi hapa tunaongea juu ya kazi, juu ya bursi, juu ya minervali. Leo niruhusuni niongee juu ya kitu ambacho hakuna mtu alinifundisha katika miaka yangu yote ya chuo kikuu: chama cha sayansi ni nini, kinafanya kazi gani, na juu ya nini ukosefu wake unaumiza hata mvuvi mwenye hajasoma. Nitaanzia Uvira, nitapita Zanzibar, kisha nitarudi Uvira.

Kulikuwa mkutano wa wavuvi pembeni ya ziwa Tanganyika. Mambo yenyewe wengi munayajua. Nchi nne zenye kugawana ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana uvuvi uwe unafungwa miezi 3 kila mwaka, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Wakubwa wa mkutano walieleza vizuri. Kisha papa mmoja mwenye mvi akasimama, akashika kofia mkononi, akasema:

"Bakubwa, mimi niko naloba mu hii ziwa tangu ningali kijana. Munasema samaki iko inapunguka. Sawa. Ni nani aliihesabu?"

Watu walicheka kidogo, kiisha wakanyamaza. Mkubwa mmoja akanigeukia mimi, kwani walikuwa wamenitambulisha kama "mwanasayansi wetu". Niko na lisansi ya biolojia. Kazi yangu ya mwisho wa masomo, ile TFC, niliifanya juu ya ndakala. Nikasimama, nikasema maneno mengi juu ya mazingira na vizazi vijavyo, nikakaa. Papa yule akanitazama kwa huruma tu. Swali lake halikupata jibu.

Nilirudi nyumbani na haya.

Juu ya nini sikuweza kujibu?

Tuseme ukweli. TFC yangu ilikuwa ni miezi mitatu ya kupima urefu na uzito wa ndakala kwenye mwalo mmoja. Nilitoa kopi tatu. Moja ilienda kwa direkta wangu, ya pili kwenye maktaba ya chuo, ya tatu iko chini ya kitanda kwa mama. Tangu siku ya kujitetea hakuna mtu aliniuliza hata namba moja ya mle ndani.

Sasa, ziwa Tanganyika lina eneo la karibu kilomita za mraba 33,000 na kina cha metre 1,470. Mwalo mmoja na miezi mitatu haviwezi kusema samaki wa ziwa zima wanapanda au wanashuka. Kwa kujibu papa unahitaji mialo mingi, nchi zote nne, namna moja ya kupima, na miaka mingi bila kukatika.

Kazi kama ile iliwahi kufanyika. Mwaka wa 1992 ulianza mradi mkubwa wa utafiti wa uvuvi wa Tanganyika, chini ya FAO, kwa fedha ya Finland. Watafiti wa nchi zote nne walipima pamoja. Walihesabu makundi ya samaki kwa chombo cha kutuma sauti ndani ya maji, walipima joto la maji na upepo, na ripoti zao zinatumika mpaka leo. Lakini mradi uko na mwanzo na mwisho. Fedha ilipokwisha, upimaji wa pamoja nao ukakatika.

Tena, mwaka wa 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya Tanganyika yamepata joto, na kwa sababu hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri kama zamani. Chakula chenye kutoka chini hakipandi, mimea midogo ya majini inapunguka, na samaki wanakosa cha kula. Walikadiria mimea ile imeshuka kwa karibu 20%, na mavuno ya samaki yanaweza kuwa yameshuka kwa karibu 30%. Kwa hiyo sehemu ya jibu la papa ilikuwepo, imechapishwa. Ila siku ile haikuwa ndani ya mkutano. Mimi mwenyewe niliisoma nyuma ya mkutano, wakati nilikuwa ningepaswa kuijua mbele.

Hapo ndipo nilianza kuelewa kinachokosekana. Elimu ipo, watu wenye kusoma wapo. Kinachokosekana ni kile chenye kuunganisha hivi viwili na mwalo.

Nilipokutana na chama cha Zanzibar

Wakati naandika TFC nilikuwa sina vitabu. Nilienda siberi, nikatafuta makala zenye kupakuliwa bila kulipa, mpaka mega zikaisha. Makala moja yenye ilinisaidia ilitoka kwenye jarida la sayansi ya bahari la Afrika Mashariki. Sikujali ni nani anachapisha. Nyuma ya ule mkutano nilirudi kuangalia, na nikakuta nyuma ya jarida kuna chama: WIOMSA, Chama cha Sayansi ya Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi.

Kilianzishwa mwaka wa 1993, na makao yake iko Zanzibar. Kinashughulika na nchi na visiwa vya upande ule: Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi, na kisiwa cha Réunion chenye ni cha Ufaransa. Sisi Wakongo hatumo, kwani bahari yetu iko Muanda, upande wa Atlantiki. Lakini ninawaletea mfano wake kwa sababu shida yao ilikuwa shida yetu: maji mamoja, nchi nyingi, watafiti wachache wenye kila mmoja anafanya yake pembeni.

Chama kama hiki si wizara, na si ONG ya kugawa vyandarua. Ni wanachama, watu na taasisi, wenye kulipa kotizasio, kukutana, na kukubaliana sheria za kazi. Kazi yake iko na miguu mitatu.

Mguu wa kwanza: utafiti

WIOMSA inatoa ruzuku za aina mbili kubwa. Kuna MARG, ruzuku ndogo, yenye kusaidia mtafiti kijana: kumaliza kazi ya digrii, kufanya utafiti mdogo, au kulipa safari ya kwenda kuonyesha matokeo yake. Na kuna MASMA, ilianza mwaka wa 2000 kwa msaada wa Sweden, kwa miradi mikubwa yenye kuunganisha nchi na fani mbalimbali. Jina lenyewe la MASMA linasema ni sayansi ya bahari kwa ajili ya uongozi wa bahari, maana yake haitoshi kutafuta. Lazima mwenye kuongoza bahari aweze kutumia ulichopata.

Fedha haigawiwi kwa kujuana. Unaandika pendekezo, wataalamu wengine wanalisoma na kulikosoa, lenye nguvu linapita.

Nitoe mfano mmoja. Kuna samaki wa miamba, kama chewa na tafi, wenye kukusanyika mahali pamoja kwa siku chache ili wazae, mara nyingi kwa kufuata mwezi. Mvuvi akipajua pale, anajaza mtumbwi. Hatari yake ni hii: pale wanapokusanyika, wavu unajaa kila mwaka hata kama samaki wa bahari nzima wanapunguka. Macho ya mvuvi hayadanganyi, ila yanaona mkusanyiko tu. Siku mkusanyiko wenyewe unavunjika, mambo yamekwisha kuharibika.

Watafiti wa Kenya na Shelisheli walifuata jambo hili kwa miaka. Walianza kwa kuuliza wavuvi wazee: wapi, mwezi gani, siku gani ya mwezi. Kisha walizamia kuhakikisha, na samaki wengine wakawekewa vifaa vidogo vya kutoa sauti ili wafuatwe. Mwaka wa 2013 WIOMSA ilichapisha kitabu kizima cha matokeo, chenye mashauri kwa wenye kupanga sheria za uvuvi.

Soma tena ule mfano na ufikirie ndakala wetu. Tunawaloba usiku kwa taa. Taa inawakusanya. Katamara inaweza kurudi imejaa, na bado mtu akasema samaki wanapunguka, na wote wawili wasiwe waongo. Ningejua kueleza hili siku ile, papa angenielewa mara moja. Ni mambo yake ya kila usiku.

Mguu wa pili: elimu

Hapa sisemi darasa la chuo. Vyuo vinatoa diploma; chama kinafundisha mambo yenye diploma inaacha pembeni. WIOMSA inaandaa mafunzo mafupi ya kuandika makala ya sayansi, ya kuandika pendekezo la utafiti, ya kutumia takwimu. Wangapi kati yetu tulifundishwa kuandika pendekezo lenye linaweza kupita? Mimi hapana.

Kuna jarida lake, lilianza mwaka wa 2002, linalosomwa bila kulipa. Kuna mkutano mkubwa wa sayansi kila nyuma ya miaka miwili, unahamahama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mwaka wa 2017 ulikuwa Dar es Salaam. Pale mwanafunzi anasimama na bango lake mbele ya profesa mwenye kitabu chake amekuwa anakisoma, na profesa anamuuliza maswali kama mwenzake. Kuna pia mtandao wa watafiti vijana na mtandao wa wanawake wa sayansi ya bahari, kwa sababu waliona wazi ni nani alikuwa anabaki nje ya mlango.

Lakini chenye kilinigusa zaidi ni mpango wao wa kuwathibitisha watu wenye kulinda hifadhi za bahari, unaitwa WIO-COMPAS. Askari wa hifadhi, mwenye labda hana digrii lakini amefanya kazi miaka mingi, anapimwa kwa vile anavyojua kufanya: kulinda doria, kuongea na wavuvi, kutunza vifaa. Akipita, anapata cheti chenye kutambulika katika eneo zima. Kuna ngazi ya wenye kufanya kazi majini, ngazi ya wenye kuongoza hifadhi, na ngazi ya wenye kupanga siasa ya mambo. Ni kusema kwamba ujuzi wa mtu wa mwalo nao unaheshimiwa.

Mguu wa tatu: utetezi

Ni ile watu wa ma-ONG wanaita plaidoyer. Wengi wetu tukisikia neno hili tunafikiria mabango na kelele. Chama cha sayansi kinatetea kwa namna nyingine: kinahakikisha kwamba wakati wa kuamua, ushahidi uko mezani, umeandikwa kwa lugha yenye mwamuzi anaelewa.

Serikali za upande ule ziko na Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari na pwani. Ulitiwa sahihi mwaka wa 1985, ukaanza kufanya kazi mwaka wa 1996. WIOMSA inafanya kazi karibu na ofisi ya mkataba ule. Mwaka wa 2015 walitoa pamoja ripoti kubwa juu ya hali ya pwani ya eneo zima: mikoko, miamba, uvuvi, miji, bandari. Mwaka wa 2021 wakatoa nyingine juu ya hifadhi za bahari, nchi kwa nchi. Waziri akienda mkutanoni, hawezi kusema hakuna namba.

Angalieni mpaka wake pia. Chama hakitungi sheria. Kinasema: mukifanya hivi, kuna hatari hii, mukifanya vile, kuna faida ile, na hapa hatuna uhakika. Kuamua ni kazi ya serikali na ya wananchi. Chama kikianza kujifanya serikali, au kuchukua maneno ya serikali na kuyapaka rangi ya sayansi, wavuvi watakiona na hawatakisikiliza tena.

Miguu mitatu, kiti kimoja

Wakati nilisoma haya nilielewa mkutano wetu ulikosea wapi. Utetezi ulikuwepo: wakubwa walikuja kutetea kufungwa kwa ziwa. Ila nyuma yao hakukuwa utafiti wenye mtu yeyote pale angeweza kuutaja, wala mtu mwenye amefunzwa kuueleza. Papa hakukataa sheria. Aliomba ushahidi, kama vile profesa angefanya. Na miezi mitatu bila kuloba si mchezo kwake: ni chakula, ni masomo ya watoto, ni deni la nyavu.

Utafiti peke yake unaishia chini ya kitanda, kama wangu. Mafunzo peke yake yanatoa watu wenye vyeti wanaokwenda kufanya kazi nyingine kabisa.

Sitaki kuwapaka WIOMSA mafuta. Sehemu kubwa ya fedha zake imekuwa ikitoka nje, na Sweden imebeba mzigo kwa miaka mingi. Mfadhili akibadili mawazo, chama kinatikisika. Jarida lake ni la Kiingereza, wakati wavuvi wa Pemba na wa Lamu wanaongea Kiswahili, na Madagaska na Komoro wamesoma Kifaransa. Lakini kuna tofauti kati yake na mradi. Mradi ukiisha, ofisi inafungwa na gari linarudishwa. Chama, fedha ikipunguka, bado kina wanachama, bado kina jarida, bado kuna mtu mwenye anajua faili ziko wapi.

Na sisi?

Tanganyika iko na Mamlaka yake, yenye makao Bujumbura, iliyotokana na mkataba wenye nchi nne zilitia sahihi mwaka wa 2003. Hiyo ni ya serikali, na ni vizuri iwepo. Uvira iko na kituo cha utafiti wa mambo ya majini, Lwiro iko na kituo cha sayansi ya asili. Watu wapo. Watafiti wa maziwa makubwa ya Afrika nao walichapisha mwaka wa 2023 mwito wa kupima maziwa yote kwa namna moja na kwa muda mrefu. Yaani hata wakubwa wetu wa sayansi wanasema paka kile kile papa alisema na kofia mkononi.

Najua mutaniambia: vita, njia mbaya, mshahara hakuna. Ni kweli. Sitawaambia tuanzishe chama kikubwa kesho. Ninasema tuanze na vile vyenye haviombi mfadhili.

Kwanza, TFC yako itoe chini ya kitanda. Namba zake ziandike upya kwenye meza moja safi: tarehe, mahali, kipimo, chombo ulichotumia. Namba bila tarehe na mahali haina kazi.

Pili, kama unatafuta kichwa cha TFC, usikimbilie mwalo mpya kila mara. Chukua mwalo wenye mkubwa wako alipima, pima vile vile alivyopima, mwezi ule ule. Walimu wengine watasema unarudilia kazi ya mwenzako. Jibu kwa heshima kwamba kurudilia ndiyo kazi yenyewe: bila vipimo viwili vya mahali pamoja huwezi kusema kitu kimepanda au kimeshuka.

Tatu, tuunde kikundi kidogo cha kusomeana. Watu watano, makala moja kwa mwezi, kila mtu anatoa franga kidogo ya mega. Kukosoana kwa upole ndiyo shule ya kuandika pendekezo.

Nne, rudisha matokeo kule ulikoyachukua, kwa Kiswahili, kwa mdomo, mbele ya wenye samaki.

Hiyo ya nne nimeifanya. Nilitoa TFC chini ya kitanda cha mama, nikaandika namba zangu kwenye kaye, nikarudi mwaloni kupima tena ndakala, mwezi ule ule wa zamani, kwa mizani ya mama mmoja muuzaji. Papa yule nilimkuta anashona wavu. Nikamwambia: "Papa, siku ile uliuliza, sikujibu." Nikamweleza mambo ya taa na ya kukusanyika. Nikamweleza mambo ya joto la maji. Kisha nikamwonyesha namba zangu mbili, za zamani na za leo, na nikamwambia wazi kwamba mwalo mmoja na vipimo viwili bado havitoshi kusema juu ya ziwa zima.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga fundo moja la wavu, akaniuliza:

"Na mwaka kesho utarudia kupima?"

Nilimwambia ndiyo. Lakini njiani nilifikiria: na nikipata kazi Kinshasa? Na nikigonjwa? Mtu mmoja hawezi kuahidi miaka ishirini. Wengi wakiwa pamoja, wanaweza.